Komeo la Nje

Mtu mwenye hatia, hata mbuzi akimtazama anaona anahukumiwa. Ndivyo ilivyomkuta fundi wa vioo asubuhi ile, aliposhuka kwenye gari la mizigo mwanzoni mwa mtaa wa ufukweni. Mbuzi mwenyewe alikuwepo kweli, kasimama juu ya kifusi cha ukuta wa mtu, anatafuna kipande cha boksi, akamkazia macho. Fundi akatazama pembeni. Kwa mbuzi, jamani! Na hapo bado hajakutana na binadamu.

“Ni hapa?” dereva akauliza.

“Ni hapa,” fundi akasema, ingawa ilibidi atafute kwa macho kitu cha kumthibitishia. Nyumba ya kwanza kulia, ile ya bluu, ilikuwa imebaki ngazi na fremu ya mlango. Nyuma ya fremu hamna kitu, ni anga tu. Mchanga umejaa njiani mpaka magotini. Jokofu la mtu limelala chali katikati ya mtaa, mlango umeng’oka, na kuku ameshaona hiyo ni nafasi, ametaga humo. Kimbunga kilipita wiki nyingi zilizopita, na bahari sasa imetulia kule chini, imenyamaza kama mtoto aliyevunja sahani na kuisukuma chini ya kabati.

Fundi huyu pale mtaani hawakumwita fundi. Walimwita Kasuku, tangu alipokuwa na meno ya utoto, kwa sababu ya mdomo. Akianza kuzungumza, mtu aliyetumwa chumvi anasahau chumvi. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na mdogo wake mama, Mama Mdogo, ambaye hakujaaliwa mtoto wa tumbo lake. Mama Mdogo alifua na kukunja mashuka ya nyumba za wageni pale ufukweni, miaka nenda miaka rudi, na kwa mashuka hayo akamlisha, akamvisha, akamsomesha, akampeleka mjini kujifunza ufundi. Kasuku akawa fundi wa vioo, akafungua karakana, akaoa, akazaa. Lakini kila likizo anarudi pwani na watoto wake, na akiulizwa kwao ni wapi, anataja mtaa huu bila kufikiri.

Leo alikuja na mbao. Gari limejaa mbao, bawaba, misumari, na juu kabisa godoro jipya. Kioo hata kimoja hakuna. Alikuwa ameapa kwamba hatatia kioo kingine kwenye mtaa ule maisha yake yote. Godoro lilikuwa la safari. Alikuja kumchukua Mama Mdogo ahamie kwake mjini, chumba kimeshapakwa rangi, mke amekubali. Na njia nzima alikuwa akijiambia neno moja: akipanda gari hili, basi amenisamehe. Akikataa, nimekwisha.

Maana Mama Mdogo alikuwa amepofuka. Jicho moja limetolewa kabisa, la pili linaona mwanga na kivuli tu. Kilichomtoboa ni kioo cha dirisha. Dirisha alilitia Kasuku.

Lilianza kwa mapenzi, na hapo ndipo penye uchungu. Nyumba za mtaa ule zamani zote zilikuwa na madirisha madogo ya mbao, yanayofungukia nje. Miguu ya Mama Mdogo ilipokataa, akawa mtu wa kitandani, anatazama ukuta kutwa. Nyumba yake ni ya mwisho kabisa, mawimbi yanasikika mpaka kwenye mto wa kulalia, lakini bahari haioni. “Nikifungua mbao nachomwa na upepo,” alilalamika, “nikifunga niko kaburini kabla ya siku zangu.” Kasuku likizo ile hakupumzika. Alibomoa ukuta, akatia kioo kipana kama kitanda chenyewe, kinene, cha uhakika. Mama Mdogo alipoinuliwa kwenye mto akaona bahari yote, alilia mpaka Kasuku naye akalia.

Basi si majirani wakaja kuona? Mama Kelele wa nyumba ya pili akataka na yeye. Wa tatu akasema kwani mimi mtoto wa kambo? Na Kasuku, mdomo ukamwasha. Alisimama pale mtaani kama mgombea udiwani.

“Jamani, tunaishi karne gani? Nyumba inafungwa kwa nje kama banda la kuku!”

Watu wakacheka, maana ilikuwa kweli. Makomeo ya mtaa ule yalikuwa nje. Wazee walioujua upepo walikuta komeo la ndani linatikiswa mpaka linachomoka, kwa hiyo wakatia gogo la kupitisha kwa nje, likakumbatia dirisha zima. Ubaya wake, mtu huwezi kujifungia mwenyewe ukiwa ndani. Anakufungia jirani. Kukionekana kuchafuka, watu wanashuka mpaka nyumba ya mwisho kule baharini, wanaanzia hapo, wanapiga gogo dirisha kwa dirisha, wanaita “Umo?”, aliyemo anatoka au anabebwa, na kundi linapanda nyumba kwa nyumba mpaka shuleni kilimani.

“Mkiwa na kioo,” Kasuku aliwaambia, “kila mtu anafunga kwake, kwa ndani, kwa raha zake. Hakuna kusumbuana tena!”

Wakanunua, mtaa mzima. Hata Seremala, aliyekuwa ametengeneza nusu ya mbao zile kwa mkono wake, alitia vioo kwake, akasema akibaki na mbao peke yake atachekwa. Mbao za zamani zikawa kuni, zikawa mabenchi, zikawa milango ya mabanda. Magogo ya makomeo watoto walichezea.

Sasa Kasuku anatembea kwenye mtaa huohuo, viatu vinakanyaga chengachenga za kioo zilizochanganyika na mchanga, zinalia krr, krr, na kila zikilia anajikunja mabega. Alikuwa ametayarisha kifua kwa matusi. Nyumbani alishajizoeza: watasema hili, nitajibu hili; yule atanitemea mate, nitafuta.

“Kasukuuu! Ni wewe, au macho yangu yananichezea?”

Mama Kelele huyo, anakuja mbio, mkono mmoja umeshika kanga kiunoni isidondoke. Nyumba yake ilikuwa imebaki vyumba viwili na turubai. Akamkumbatia, akamketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamtia kikombe cha chai mkononi kabla hajavuta pumzi.

“Pole na safari, pole na barabara, pole na yote. Umekonda, mwanangu!”

Hakuwa amekonda. Alikuwa amenenepa, na shati lilishuhudia.

“Mama, mimi nimekuja ku...”

“Kunywa chai kwanza!”

“Nilitaka kusema kwamba...”

“Sukari inatosha? Niongeze?”

Ajabu hiyo. Mwanamke aliyezoea kusema mpaka redio inaona haya, leo hamtazami usoni. Anatazama kikombe, anatazama ndala zake. Mara akaanza kuapa bila kuulizwa.

“Mama yako hajambo. Tunampikia kwa zamu. Hajalala njaa hata siku moja, haki ya Mungu, siku hata moja. Paa lake tulianza nalo kabla ya ya kwetu. Nenda kaone. Mimi hapa nanyeshewa, yeye hanyeshewi. Muulize mwenyewe.”

Kasuku akashangaa. Kweli, alipotupa macho kule chini aliona nyumba ya mwisho ndiyo pekee yenye paa kamili, mabati ya rangi rangi, yameokotwa kila mahali. Mtu haapi hivi bure. Na mtu uliyempofushia jirani hakutilii sukari.

Seremala naye akaja, penseli sikioni, mwembamba vilevile. Zamani wakikutana hawa wawili ni utani mpaka mate yanakauka: huyu anamwita mwenzake mla kuni, huyu anamjibu mwuza hewa. Leo Seremala alimpa mikono miwili, kichwa kimeinama, kama mtu anayempa mkono mfiwa.

“Karibu, fundi mwenzangu. Karibu sana.”

Hapo Kasuku akashindwa. Akaweka kikombe chini, chai ikamwagika.

“Si mnitukane basi! Mbona hamnitukani? Mnanipa chai ya nini? Vioo ni vyangu! Mimi ndiye niliyewaondolea mbao zenu kwa mdomo wangu huu. Mama yangu kanilea kwa mikono yake, mimi nimempofusha kwa yangu. Tukaneni, nipumue!”

Mama Kelele akakiokota kikombe. Akamtazama Seremala. Seremala akakuna shingo.

“Sisi tulidhani umekuja kutuuliza,” akasema.

“Kuwauliza nini?”

“Kwa nini tulimwacha.”

Kasuku akakaa tena juu ya ndoo. Kwenye simu alikuwa ameambiwa kimbunga kimevunja dirisha, kimekata daraja, Mama kaumia, yuko hospitali. Hakuuliza zaidi, maana alishajua mkosaji ni nani. Seremala akamweleza polepole, akitafuta maneno kama anatafuta msumari kwenye mchanga.

Siku ile gari la serikali lilipita mchana na kipaza sauti, watu wapande shuleni. Upepo ulishaanza. Kila mtu akafunga madirisha yake, kwa ndani, akabeba watoto wake, akatoka kwa mlango wake, akapanda. Mama Kelele alipofika shuleni akajua Mama Mdogo kabebwa na Seremala, maana Seremala ana mkokoteni. Seremala aliwaona vijana wa Mama Kelele, wenye nguvu zao, akajua wamembeba. Wale wengine wakajua majirani wa karibu wamefanya lao. Watu walienea madarasa yote, ni kelele, ni watoto, ni giza la mawingu. Ilipoulizwa mara ya kwanza “Bibi wa mashuka yuko chumba gani?”, maji yalishakata njia.

“Nilitaka kurudi,” Seremala akasema. “Wakanishika.”

Halafu akaongeza, kwa sauti ndogo, “Lakini hawakunishika sana.”

Mama Kelele akaanza kulia, na kulia kwake ni kama kusema kwake, mtaa wa pili wanasikia.

Hakuna aliyetaja vioo. Seremala hakusema, na wala sidhani kama aliwaza. Lakini Kasuku hakuwa mjinga. Aliyaunganisha mwenyewe pale pale juu ya ndoo. Zamani hakuna aliyekuwa anadhani. Zamani ulikuwa lazima ushuke mpaka nyumba ya mwisho, upige gogo kwa mkono wako, uite, usikie sauti. Alipowaambia hakuna kusumbuana tena, walimwelewa vizuri. Wakaacha kusumbuana. Kumbe alichowaondolea mwaka ule hakikuwa mbao. Ilikuwa ile safari ya watu kushuka mpaka kwa Mama Mdogo. Kosa alilokuja nalo kumbe lilikuwa dogo, lilikuwa na kaka yake mkubwa nyuma.

Akasimama. “Kuna mbao garini,” akamwambia Seremala. “Zishusheni. Tengeneza ya kwa Mama kwanza, halafu ya Mama Kelele, mpaka ziishe.”

“Komeo?”

“Nje,” Kasuku akasema, na neno hilo moja lilimtoka kwa shida kuliko hotuba yake yote ya mwaka ule.

Akateremka peke yake. Nyumba ya mwisho ilikuwa na turubai pale palipokuwa na kioo, linavuta pumzi na kutoa kwa upepo mdogo. Mlango uko wazi. Ndani pamefagiwa. Mama Mdogo alikuwa amekaa kitandani, mgongo umeegemea ukuta, miguu imenyooshwa, amejifunga kitambaa kilichoshuka upande kufunika jicho lililotolewa. Mapajani ana rundo la mashuka ya jirani, anayakunja. Pembe kwa pembe, anapitisha kiganja, anageuza, pembe kwa pembe. Hakukosea hata pindo. Kazi ile mikono yake haikuwahi kuifanya kwa macho.

Kasuku akasimama kizingitini, akapangusa viatu vyake.

“Nani huyo?” Mama Mdogo akauliza. Akasikiliza. “Viatu vya ngozi. Hapa hakuna mwenye viatu vya ngozi, bahari imechukua vyote.” Akakunja pindo jingine. “Umefika.”

Hakusema karibu. Kasuku alilisikia hilo neno lisilosemwa kuliko lililosemwa. Akaingia, akapiga magoti, akamshika miguu, na ile hotuba aliyoibeba njia nzima ikaanguka yote kwa pamoja. Akasema kioo. Akasema mdomo wake. Akasema komeo, na majirani, na jinsi alivyojifanya mjuaji. Akasema anastahili yeye kutobolewa macho, yote mawili. Akasema, akasema. Mama Mdogo akawa anakunja mashuka.

“Umemaliza?”

“Bado, Mama.”

“Haya, endelea.”

Akaendelea. Mwisho pumzi ikamwishia.

“Sasa nisikilize na mimi,” Mama Mdogo akasema. “Kioo kile nilikipenda. Nilikuwa naona meli. Nilimwona Mama Kelele akiingia baharini na nguo zake zote, akidhani hakuna anayemwona, nikacheka peke yangu siku nzima. Mtoto wangu aliniona nimelala natazama ukuta, akaubomoa. Wangapi wana mtoto wa kubomoa ukuta? Upepo ni upepo. Kwa kioo sina kinyongo na wewe, hata chembe.”

“Na majirani?”

“Majirani wamekuja hapa kulia mmoja mmoja mpaka godoro limelowa. Nimebembeleza watu wazima nimechoka. Mimi ndiye niliyeumia, mimi ndiye ninayesema nyamaza, nyamaza. Nao nimewasamehe, maana nisipowasamehe watanilisha mpaka nipasuke.”

Kasuku akacheka na kulia kwa pamoja, makamasi yakamtoka kama mtoto. Mzigo ulimtelemka mgongoni, aliusikia kabisa unatelemka. “Basi umenisamehe, Mama.”

“Daraja lilifunguliwa lini?”

Kasuku akafuta makamasi.

“Nakuuliza, mwanangu. Daraja la kuja huku. Lilifunguliwa lini?”

Kasuku alijua. Lilifunguliwa mapema, Mama Mdogo akiwa bado wodini, bandeji usoni. Magari yalianza kupita. Mteja mmoja alimwambia kabisa pale karakanani, fundi, njia ya pwani nyeupe sasa. Naye akasema asante, akainama, akaendelea kukata kioo.

“Niliogopa, Mama,” akasema. “Niliogopa kukuona.”

“Uliogopa kuniona.” Mama Mdogo akaliacha shuka. “Nesi pale wodini aliniuliza, bibi, una watoto? Nikamwambia ninaye mmoja, njia imekatika. Akaja wa zamu nyingine, nikamwambia hivyohivyo. Viatu vikipita kwenye korido nasema ndiye huyo. Vinapita. Nikasikia wagonjwa wanaletewa wageni kutoka huko huko mjini kwenu, wanasimulia daraja limetengenezwa vizuri. Nesi akaniuliza tena, nikamwambia njia imekatika. Nilikufichia aibu mbele ya watu nisiowaona hata sura.”

“Nilituma blanketi, Mama. Na dawa. Nilikuwa nampigia Mama Kelele kila...”

“Blanketi zilifika. Sikulea blanketi.”

Nje walishaanza kushusha mbao, zinagongana, Mama Kelele anawaamrisha watu wazito kuliko yeye. Kasuku alibaki magotini. Alikuwa amekuja na kosa lake kubwa, amelipamba, amelilisha wiki zote hizo, usiku halali kwa ajili yake, na kumbe wakati analibembeleza hilo ndipo alipokuwa akilitenda lile lenyewe. Alitamani wangemtemea mate pale juu. Mate yangefutika.

“Twende nyumbani, Mama,” akasema, kwa kuwa ndilo lililobaki. “Gari lipo. Nimeweka godoro jipya, hutaumia njiani. Chumba kiko tayari, watoto wanakungoja. Nitakutunza mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Nitalipa yote.”

“Siendi.”

“Mama, tafadhali.”

“Unataka kunibeba ili wewe upone. Mimi si dawa yako.” Hakusema kwa hasira, na ingekuwa kwa hasira ingekuwa nafuu. “Nikakae chumbani kwako, kila ukipita mlangoni uone jicho hili, uugue, na mimi niache shughuli zangu nianze kukubembeleza? Kazi hiyo siitaki uzeeni. Hapa nikikohoa, jirani anaita. Wana hofu sasa, watanichunga mpaka nife.”

“Na mimi je?”

“Wewe una hofu pia. Lakini hofu ya wenzako inawaleta. Ya kwako ilikuzuia usije.”

Kasuku, mwenye maneno ya kuuza na kugawa, akauliza swali la mtoto.

“Sasa nifanye nini?”

Mama Mdogo alifikiri kidogo. “Kucha zangu za miguu,” akasema. “Wananipikia, wananifulia, lakini kucha wanaogopa. Zimerefuka zinakwaruza shuka. Mkasi uko kwenye kopo, juu ya sanduku.”

Akautafuta mkasi, akauona. Akavua viatu vyake, akakaa sakafuni, akauweka mguu wa kulia wa Mama Mdogo juu ya goti lake. Ngozi ilikuwa kavu na nyepesi, kisigino kimepasuka. Mikono iliyokata vioo maisha yake yote bila kuteleza iliteleza kwenye ukucha wa kidole gumba.

“Taratibu,” Mama Mdogo akasema. “Nilichobakiwa nacho si kingi.”

Akakata taratibu. Mama Mdogo akamsimulia nani kafa mtaani, nani kajifungua kwenye darasa la shule katikati ya upepo, mtoto wameshindwa kukubaliana jina mpaka leo. Kasuku akaitikia. Hakutia neno lake hata moja, akaitikia tu.

Dereva akapiga honi kule juu. Mbao zimekwisha kushuka, njia ni ndefu.

“Jumamosi nitakuja, Mama,” Kasuku akasema bila kuinua uso. “Jumamosi hii hii, asubuhi, nita...”

“Usinitajie siku.” Mama Mdogo akajiegemeza ukutani. “Nimeshazingoja nyingi. Wewe njoo tu.”

Honi ikalia tena, ndefu zaidi. Mama Mdogo akaushusha mguu wa kulia, akapapasa mpaka akalipata goti la Kasuku, akamwekea wa kushoto.